Mchanga Uliotunza Nyuso za Faras

Mchanga wa jangwa hauna sifa njema. Hufukia mashamba, huziba visima, na ukipeperushwa na upepo huparura mawe mpaka maandishi ya kale yakafutika. Lakini huko Faras, ukingo wa magharibi wa Mto Nile, pale Sudan inapopakana na Misri, mchanga huohuo ulikabidhiwa amana. Uliingia ndani ya kanisa kuu la Wanubia kidogo kidogo, ukapanda kutani, ukazifunika nyuso za watakatifu, malaika, wafalme na maaskofu, ukazishikilia hapo karne baada ya karne. Mwaka 1961 wanaakiolojia kutoka Poland walipoanza kuuondoa, walikuta rangi zingali hai.

Mimi naona mkono wa Muumba katika jambo hili, na kadiri ninavyosoma namna michoro hiyo ilivyotengenezwa, ilivyodumu na ilivyookolewa, ndivyo ninavyozidi kuuona.

Faras ya kale iliitwa Pachoras. Ulikuwa mji mkuu wa Nobadia, mojawapo ya falme tatu za Wanubia zilizopokea Ukristo katika karne ya 6. Watu wake waliandika kwa Kigiriki, kwa Kikopti na kwa lugha yao wenyewe, Kinubia cha kale. Kuanzia karne ya 8 hadi ya 14 walizipamba kuta za kanisa lao. Mchoro ukichakaa, au ladha ya watu ikibadilika, fundi alipiga lipu mpya juu ya ile ya zamani na kuchora upya, hata ukuta mmoja ukabeba tabaka mbili, pengine tatu, kila tabaka na kizazi chake.

Mwaka 1960 Misri ilianza kujenga Bwawa Kuu la Aswan. Maji yaliyotarajiwa kukusanyika nyuma ya ukuta wa bwawa hilo yangeifunika nchi ya Wanubia kwa kilomita zipatazo 500, pande zote mbili za mpaka. Shirika la UNESCO likayaita mataifa yaje kuokoa kinachookoleka. Mahekalu ya Abu Simbel ndiyo yaliyopata umaarufu, yakakatwa vipande na kupandishwa mahali pa juu. Timu ya Poland, ikiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski, ilipewa kilima cha Faras. Ndani ya kilima hicho walikuta kanisa zima, kuta zimesimama, limejaa mchanga.

Wengi wanaosimulia habari hizi hupita haraka hapa, nami sitaki kupita. Maji yale yaliwahamisha na watu. Wakazi wa Wadi Halfa na vijiji vya jirani, maelfu kwa maelfu, walitolewa kwenye mitende yao na makaburi ya wazee wao, wakapelekwa Khashm el-Girba, mbali huko mashariki ya Sudan. Wao ndio wajukuu wa watu waliochora na waliochorwa Faras. Kila tunapofurahia mchoro uliookolewa, tukumbuke kwamba mwenye nyumba alifungishwa virago.

Mchoro unaojulikana kuliko yote ya Faras ni ule wa Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria. Ulichorwa kati ya karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9. Sehemu kubwa ya mwili imepotea. Umebaki uso, shela ya rangi ya zambarau, na mkono wa kulia uliopeleka kidole kimoja mdomoni. Wataalamu wamejadiliana sana juu ya kidole hicho: je, anatuomba tunyamaze, au anasali kimoyomoyo? Mimi naelekea kwenye sala, kwa sababu ya yale macho. Ni makubwa kupita ya mwanadamu wa kawaida, yamefunguka kabisa, na hayamtazami mtu wa kumkemea. Ukiuangalia uso huo kwa karibu utashangaa jinsi fundi alivyotumia vitu vichache. Mistari ya nyusi inateremka ikawa pua ndefu. Mdomo ni mdogo. Hakuna madoido, hakuna vivuli vingi, na bado uso unakusimamisha.

Rangi hizo zilitoka wapi? Wachoraji wa Nubia waliegemea sana udongo. Nyekundu na njano zao ni udongo wenye madini ya chuma, wa jamii moja na ngeu ambayo maseremala hutumia kupigia mstari kwenye mbao. Nyeusi ni masizi na makaa. Nyeupe haikuhitaji kutafutwa mbali. Mtu angeweza kudhani kwamba vitu hafifu namna hiyo, vya kuokotwa miguuni, vingepauka mapema kuliko rangi za gharama. Imekuwa kinyume, na sababu yake ni moja ya mambo yanayonifanya nimsifu Mungu.

Chuma hakitulii kikiwa na hewa. Panga likiachwa nje wakati wa masika hushika kutu, na kutu huendelea kulila. Hicho ni chuma kinachotafuta oksijeni mpaka kiipate. Sasa udongo mwekundu ni chuma kilichokwisha kuimaliza safari hiyo zamani sana, kabla hajazaliwa mtu wa kukichimba. Kimeshapata kilichokuwa kikitafuta. Ukikiweka juani hakipauki, ukikiweka hewani hakigeuki, kwa kuwa hakina tena cha kupoteza wala cha kupokea. Punje zake zikisagwa laini huwa nyekundu, zikiachwa kubwa huelekea zambarau. Udongo wa njano nao umebeba maji ndani ya umbile lake. Ukiuchoma, maji hutoka na njano hugeuka nyekundu, haitarudi tena. Kwa hiyo mhifadhi akikuta katika jengo la kale sehemu ambayo njano imekuwa nyekundu, anajua kwamba moto uliwahi kuwaka pale, na aweza hata kukisia ulikuwa mkali kiasi gani. Ukuta umeweka kumbukumbu ya ajali ambayo haikuandikwa na mtu yeyote.

Si kila rangi imejaliwa utulivu huo. Katika Basilika ya Mtakatifu Fransisko mjini Assisi, Italia, mchoraji Cimabue alichora Kusulubiwa kwa Yesu katika karne ya 13, akatumia rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi. Ukutani risasi haikutulia. Ilibadilika ikawa nyeusi, na leo pale alipoweka mwanga pana giza. Mchoro bado una nguvu ya kutisha, lakini si ule aliouacha yeye.

Na ukuta wenyewe una maajabu yake. Chokaa ni jiwe lililotokana, kwa sehemu kubwa, na magamba na mifupa ya viumbe vya baharini. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua hilo bila kuambiwa na kitabu, maana misikiti na nyumba za Kilwa, Gede na Lamu zilijengwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe huachia gesi ya kaboni dioksidi na kubaki jeupe, jepesi, lenye kiu kali. Limwagie maji, litafoka na kuchemka bila moto. Kisha fundi akilipaka ukutani, huanza kuivuta hewani gesi ileile liliyonyang'anywa na tanuri, polepole, siku kwa siku, mpaka linarudi kuwa jiwe kama mwanzo. Kiumbe wa baharini alijenga nyumba yake, moto ukaibomoa, hewa ikaijenga tena juu ya ukuta wa mwanadamu. Nani alipanga mzunguko huo ukamilike bila kupungukiwa na kitu?

Wataliano waliutumia mzunguko huo kwa ustadi mkubwa. Giotto alipolipamba kanisa dogo la Scrovegni mjini Padua, mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1300, alipaka sehemu kubwa ya rangi zake kwenye lipu ya chokaa ingali mbichi, ili jiwe lijifunge huku limezishika. Hadi leo mtu akiweka taa ubavuni mwa ukuta, mwanga ukapita juu ya lipu kwa mlazo, ataona mipaka ya kazi ya kila siku: kipande ambacho fundi aliweza kukimaliza kabla lipu haijakauka. Hapa ni kichwa kimoja tu, pale ni anga na mlima kwa pamoja. Taa hiyo ya ubavuni ndiyo kifaa cha kwanza cha anayechunguza michoro ya ukutani, na haikosi kumwonyesha kitu.

Wanubia walikwenda njia nyingine. Walipiga lipu ya udongo, wakaiachia ikauke, wakaipaka nyeupe juu, kisha wakachora kwa rangi iliyochanganywa na kitu cha kugandisha. Njia hiyo humpa mchoraji nafasi ya kutafakari, lakini haivumilii maji hata kidogo. Mvua moja ikipenya paani yaweza kuondoka na shavu la malaika.

Maji ndiyo adui mkubwa wa michoro ya ukutani duniani kote, na chumvi huandamana nayo kila yaendako. Unyevu hupanda kutoka ardhini ndani ya ukuta, umebeba chumvi iliyoyeyuka. Ukifika karibu na uso wa ukuta hukauka, na chumvi hubaki katika matundu madogo ya lipu, ambako huota fuwele. Fuwele ikikua husukuma. Haina nguvu ya kuonekana kwa macho, lakini husukuma bila kuchoka mpaka ganda la rangi linainuka, linapasuka, na kudondoka sakafuni likiwa unga. Chumvi hii hii ya mezani huyeyuka hewa inapokuwa na unyevu wa kiasi cha asilimia 75, na huganda tena unyevu ukishuka chini ya hapo. Kila kuvuka mpaka huo ni msukumo mmoja. Pumzi za watu na nguo zilizoloa mvua zinatosha kuuvusha. Ndiyo maana huko Padua wageni huketi kwanza robo saa katika chumba cha pembeni hewa itulie, ndipo wanaruhusiwa kuingia kwa Giotto, wachache wachache, kwa robo saa nyingine hivi. Kuna wanaolalamikia muda huo. Mimi nauona kuwa heshima inayostahili.

Sasa turudi kwenye mchanga tuone ulitoa nini. Ulitoa ukavu. Ulitoa giza. Ulizuia upepo, ukazuia joto la mchana na baridi ya usiku kupishana juu ya rangi. Uliiegemea lipu isianguke. Mchanga unaoparura ni ule unaorushwa na upepo. Uliosimama hauna ukali wowote. Mhifadhi wa leo mwenye maabara na mitambo ya hewa hujitahidi kuleta masharti hayohayo, na kudumu nayo miaka 50 tu ni mafanikio makubwa.

Kuanzia 1961 hadi 1964 watu wa Michałowski walifanya kazi wakijua kwamba mto unakuja. Mchanga ulipoondolewa, kila mchoro ulipigwa picha, ukapimwa na kuchorwa nakala. Kisha ikaja kazi ya kuubandua. Walifunika uso wa mchoro kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, wakapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na utomvu mkavu wa msonobari, wakapiga pasi ya moto ili nta ipenye na kushika. Ilipopoa, rangi na karatasi vilikuwa kitu kimoja. Ndipo waliingiza misumeno nyuma, kati ya lipu na ukuta, wakakata taratibu huku wengine wameushika ubao mbele kuupokea. Fikiri juu ya mkono wa mtu yule wa msumeno. Mbele yake haoni chochote isipokuwa vumbi. Uso wa mtakatifu uko upande wa pili, unene wa vidole vichache, na kosa moja halirekebishiki. Nyuma ya mchoro mmoja mara nyingine walikuta mwingine wa zamani zaidi, wakaanza upya. Zaidi ya michoro 100 iliokolewa namna hiyo. Kwa mapatano na Sudan, zaidi ya 60 ilikwenda Makumbusho ya Taifa mjini Warszawa, na iliyobaki ikapelekwa Khartoum. Baadaye ziwa lilipanda likakifunika kilima.

Mwaka huohuo wa 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice, wakaandika mkataba unaofuatwa hadi leo. Unasema kwamba mchoro ulio sehemu ya jengo usiondolewe ila pale ambapo kuuondoa ndiyo njia pekee ya kuuokoa. Nakubaliana nao kabisa. Mchoro wa ukutani ulizaliwa kwa ajili ya mwanga wa dirisha fulani na macho ya watu waliosimama mahali fulani. Ukihamishwa hupoteza sehemu ya maana yake. Faras ilikuwa ndani ya sharti hilo. Hapakuwa na njia nyingine.

Hata hivyo nta iliyowaokoa watakatifu wa Faras iliwahi kuleta madhara kwingine. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, michoro mingi ya Zama za Kati makanisani ilipakwa nta na Profesa Tristram, mtu aliyeipenda kwa dhati na aliyetumia maisha yake kuinakili. Alitaka kuikinga. Lakini ukuta wa kanisa la Uingereza una unyevu, na nta ikauzuia usitoke. Chumvi ikafanya kazi yake nyuma ya nta, vumbi likanata juu, rangi zikafifia ndani ya weusi. Wahifadhi waliomfuata walilazimika kuiondoa nta hiyo kwa subira, kipande kwa kipande. Kitu kilekile, mahali pakavu, kilikuwa wokovu. Kwa sababu ya mambo kama hayo wahifadhi wa sasa huuchunguza ukuta kwa muda mrefu kabla ya kuugusa. Huugongagonga kwa kidole wasikilize wapi pana uvungu. Hupima unyevu kwa misimu yote ya mwaka. Humulika kwa miale isiyoonekana kwa macho ili waone mistari iliyofichika. Mara nyingi uamuzi wao ni kutengeneza paa na mifereji, na kuuacha mchoro kama ulivyo.

Kule Pickering, kaskazini mwa Uingereza, michoro ya karne ya 15 iliyokuwa imefichwa chini ya chokaa iligunduliwa mwaka 1852. Kasisi wa wakati huo aliona inawapotezea waumini umakini, akaamuru ipakwe chokaa tena. Baada ya miaka kadhaa ikafunuliwa mara ya pili, na ipo hadi leo. Chokaa iliyokusudiwa kuifuta ndiyo iliyoifunika isidhurike, mara mbili.

Naupenda sana mchoro mmoja mwingine wa Faras, wa mwisho wa karne ya 10. Askofu Petros amesimama na mavazi yake ya ibada. Nyuma yake yuko Mtume Petro, mwenye jina lake, ameweka mikono juu ya mabega ya askofu. Mtume amechorwa mweupe na mwenye ndevu. Askofu ni Mwafrika, rangi ya kahawia, na mchoraji hakuificha wala kuipunguza. Ndani ya kanisa hilo kulikuwa pia na orodha ya maaskofu ukutani, majina 27, pamoja na miaka waliyotumikia, na orodha hiyo imewasaidia wataalamu kuipangia michoro tarehe. Sisi tuliofundishwa kwamba Ukristo uliingia Afrika kusini ya Sahara kwa meli za wamisionari tuna sababu ya kukaa mbele ya Askofu Petros kwa muda mrefu.

Wapoland waliendelea na kazi Sudan. Tangu 1964 wamekuwa wakichimba Dongola ya Kale, mji mkuu wa Makuria, jirani na baadaye mtawala wa Nobadia. Mwanzoni mwa Aprili 2023 walitangaza kwamba chini ya nyumba za enzi ya baadaye wamekuta vyumba vidogo vya matofali ya udongo, vimejaa michoro: Bikira Maria, Kristo, na Malaika Mkuu Mikaeli akimtegemeza mfalme wa Kinubia. Matofali yalitishia kubomoka na lipu ilikuwa inaachia ukuta, kwa hiyo wahifadhi walianza kazi mara moja. Katika maandishi ya vyumba hivyo lilisomeka jina la mfalme Daudi, pamoja na sala ya kuuombea mji ulindwe. Daudi alitawala katika karne ya 13, siku ambazo majeshi ya Wamamluki wa Misri yalikuwa yakiijia Dongola.

Tarehe 15 ya mwezi huohuo wa Aprili vita viliwaka Khartoum. Makumbusho ya Taifa ya Sudan, yenye sehemu yake ya michoro ya Faras, iliangukia mikononi mwa wapiganaji na kuporwa. Wafanyakazi wake walitawanyika pamoja na mamilioni ya Wasudani wengine, na kati ya hao wamo Wanubia, ambao wazee wao walishahamishwa mara moja. Nawaombea, na michoro naiombea pamoja nao, kwa ombi lilelile lililoandikwa ukutani Dongola.